Rangi ya Dhahabu Juu ya Mapezi

Alhamisi, Tibirinzi. Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini nguo bado mbichi kambani. Mikono yangu inanuka thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Nimeoga mara mbili, harufu haitoki.

Leo nimepewa barua. Natakiwa nijieleze kwa maandishi kwa nini nimeharibu mali ya chuo.

Mali yenyewe ni injini ya ndege ndogo, ya silinda nne, mbili kulia na mbili kushoto. Haitaruka tena. Chuo chetu cha mafunzo ya amali kiliipata kama msaada, na huu mwaka wa pili naifundishia. Haina maji wala rejeta; inapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vinavyoizunguka kila silinda. Kila silinda ina plagi mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Na rangi yake si pambo. Ni nyeusi, nyembamba, ya kuzuia kutu, pamoja na mstari mmoja: wa chungwa ukikwambia kuwa ndani silinda imepakwa kromu, wa buluu kuwa chuma chake kimekomazwa kwa joto na gesi. Fundi huusoma mstari ule kabla hajachagua ringi za pistoni. Ringi za kromu ndani ya silinda ya kromu zitalana.

Jumanne asubuhi niliikuta ya dhahabu. Yote.

Mkuu wetu, Maalim Khatib, alimwita mpaka rangi wa magari kwa sababu leo tulikuwa na mgeni rasmi wa kutembelea chuo. Mapezi yalizibwa, mistari ikafunikwa, hata plagi zikapuliziwa. Nilimfuata ofisini, nikamwamkia, nikamweleza. Alinisikiliza huku akipanga mafaili, kisha akasema injini ile ni ya kutazamwa tu.

"Haiendi popote, Bi Saada. Itamdhuru nani?"

Nikaaga, nikatoka. Hapo ndipo ninapojionea haya, maana jibu nilikuwa nalo.

Nilipokuwa najifunza ufundi huko bara, nilipewa silinda niipake rangi. Nikataka ipendeze. Nikapaka mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndege ikaondoka, haikufika mbali. Joto lilishindwa kutoka chini ya rangi nene, likapanda, rubani akageuza, akatua salama, alhamdulillahi. Msimamizi wangu alipoikwangua ile rangi alikuta ufa chini yake. Brashi yangu ilipita juu ya ufa ule mara tatu. Hakunigombeza. Alinipakatisha ile silinda, akaniacha nikae nayo mpaka jioni.

Sijamwambia mtu hadithi hii, hata mama.

Basi jana niliingia karakana na thina na miswaki mikuukuu. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mkuu anataka rangi ibaki, na anayeogopa aende zake, simwandikii vibaya. Wawili waliondoka. Sikuwalaumu. Waliobaki walikunja mikono ya mashati, wakaanza kusugua pezi moja moja.

Maalim alikuja saa tano, akasimama mlangoni, akaniamuru niache.

"Maalim," nikamwambia, "watoto hawa kesho watashika injini zinazobeba watu. Wakizoea kuficha hapa, na huko wataficha."

Alisema nitajibu kwa maandishi, akaondoka. Mswaki sikuuweka chini.

Hatukumaliza. Mgeni alipofika asubuhi hii, silinda tatu zilikuwa safi na ya nne inang'aa kama bangili ya harusi. Alisimama dakika mbili, akapiga picha upande wa dhahabu, akaenda kunywa chai.

Iliniuma. Sitadanganya.

Mgeni na Maalim walipokwisha kuondoka, Time, msichana wa Vitongoji ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kuinua mkono darasani, alikuwa bado ameinama juu ya injini.

"Mwalimu, hii ya tatu ina mstari wa buluu," akasema. "Zenziwe za chungwa. Kwani zimechanganywa?"

Nikasogea. Kweli. Muda wote huu nimekuwa nikiwafundisha kwamba zote ni za kromu, kumbe mstari ule ulikuwa chini ya grisi iliyokauka, na jana tumeitoa grisi pamoja na dhahabu. Niliwaambia wazi kuwa nilikosea. Tukakaa nayo mpaka adhuhuri, wakibishana ni ringi zipi ziingie wapi. Time ndiye aliyepata jibu.

Jioni nilimpigia mama, yuko Ole anaanua karafuu. Akasema, "Waombe radhi, mwanangu, yaishe. Kazi yapatikana wapi siku hizi?"

Mama ana haki ya kuogopa. Na mimi naogopa. Maalim anaweza kunifukuza, na kisiwa hiki hakina karakana ya pili yenye injini kama ile.

Lakini radhi ya nini?

Nitaandika ukurasa mmoja. Nitasema rangi nimeitoa mimi, wanafunzi walinifuata, wasiguswe. Nitasema silinda ya nne bado, na Jumamosi naimalizia. Chini nitatia jina langu, la baba na la babu, kwa herufi za kusomeka.