Mchanga Niliouita wa Bure

Mpendwa mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa na aibu, na safari hii usinicheke.

Unakumbuka kisima chetu mtoni, kule chini ya Mukuyuni? Maji yenyewe hayakuonekana, yalikuwa chini ya mchanga. Ulinifundisha kuchimba polepole kwa kibuyu, kisha tukae tungoje yapande. Tukishachota, ulizungushia miiba ili ng'ombe wasichafue, ukaacha kibuyu hapo kwa atakayekuja nyuma yetu. "Hii mchanga ndiyo inatuwekea maji," uliniambia. "Ukichezea hii, utakunywa vumbi." Nilikuwa na miaka saba, nikakuelewa vizuri kabisa. Nilipofika thelathini, na diploma mkononi, sikuelewa tena.

Ilipojengwa shule ya harambee, mkadiriaji wa kontrakta nilikuwa mimi. Saruji niliipa bei, mabati, misumari, hata chai ya mafundi. Nilipofika kwenye mchanga nikaandika: bure, gharama ni lori tu. Injinia akauliza, "Mchanga safi tutapata wapi?" Kwa haraka ya kujionyesha nikamjibu, "Mimi nimezaliwa hapa. Nifuateni." Nikawapeleka kwenye kisima chako, mwaitu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wa nguoni mwako nilikuwa mimi.

Malori yalizoa mpaka mwamba ukatokea. Mvua iliponyesha mto ulijaa, ukapita, na kesho yake ukawa mkavu. Nilikuuliza kama mnapata maji. Ukasema, "Tunapata. Shule ni nzuri, watoto wanasoma." Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini.

Na kila nilipokuja kukuona, uliniletea karai la maji nioshe viatu. Karai zima! Niliosha, nikamwaga uani, nikaingia ndani nikimetameta kama bwana harusi, nawe ukanipa chai.

Siku ya mazishi yako maji ya kupikia wageni yaliisha. Nikachukua mtungi, nikamfuata dada yangu Mwende. Tulipovuka mto bila kusimama nikamuuliza tunaenda wapi. Akanitazama.

"Maji iko kule nyuma ya kilima. Mwaitu alikuwa anatoka asubuhi, anarudi jua ikiwa kwa kichwa. Kwani hukujua?"

Sikujua. Nilikuwa nimekadiria kila kitu isipokuwa miguu yako.

Siku hizi, kabla sijaandika bei yoyote, naenda mtoni kwanza. Nawauliza akina mama wanachota wapi. Kisha naweka kwenye makadirio gharama ya kuleta mchanga kutoka mbali, au ya kuwachimbia kisima kabla lori la kwanza halijafika. Wenzangu wananicheka: "Huyu siku hizi anauza mto!" Juzi nilikosa kazi moja ya Kibwezi kwa sababu bei yangu ilikuwa juu. Sikuteta. Lakini najua hayo yote hayakupunguzii hata hatua moja ya zile ulizotembea, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo nimekuja kaburini kwako. Mwende alinitolea karai mlangoni, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikamwomba ayarudishe maji mtungini. Nimesimama hapa mbele yako na viatu vimejaa vumbi. Nisamehe, mwaitu. Pumzika sasa, usiamke asubuhi.

Ni mimi, mwanao uliyemletea karai.