Sitini ya Marekani

Njiru,
4 Machi 2024

Kwako Baba Mdogo Tobias,

Salamu nyingi kutoka kwangu, kwa Mama na kwa mjukuu wako Frankline. Sisi wazima, ila Mama na goti lake. Koo lako linaendeleaje? Everline anayekuuguza ameniambia kwamba siku hizi hata uji unapita kwa shida, na sauti imekwenda kabisa. Pole sana, Baba. Nashukuru kwamba mkono bado unaandika.

Frankline amemaliza chuo, nami nilimwahidi pikipiki. Hizi za bodaboda hazitaki. Anataka Honda ya zamani, CB350, kama ya babu yake. Fundi Magan wa Makadara anazo tatu, ila hazifanani. Moja iliuzwa Japani kwenyewe, na kibandiko cha tangi kina maandishi ambayo hata Magan hawezi kuyasoma. Nyingine ilipitia Afrika Kusini, usukani wake uko chini. Ya tatu ni ya Marekani, usukani umeinuka kama pembe za ng'ombe, na ina riflekta za rangi ya machungwa ubavuni. Mimi nimeipenda hiyo. Mita za mwendo za wenzake zinafika karibu mia mbili, yake inaishia mia moja na ishirini. Nikajiambia, hii ilitengenezewa watu wapole.

Ya Baba ilikuwa ipi? Wewe ndiye uliyekuwa nyuma yake siku ile ya ajali. Mama nikimuuliza, jibu ni lile lile: "Baba yenu alipenda mbio kuliko alivyowapenda nyinyi." Nimekua na maneno hayo tangu nikiwa na miaka mitatu.

Nijibu upesi, kijana hanipi usingizi.

Binti yako,
Carolyne


Kaloleni,
22 Machi 2024

Mwanangu Carolyne,

Nimepokea salamu zako, nami nazirudisha kwa wote, hasa mama yako. Mimi niko hivi hivi. Daktari ameacha kunidanganya, na hilo namshukuru.

Nisamehe kwa kuchelewa. Nunua ile ya Afrika Kusini. Usukani wa chini ni imara zaidi kwenye kona, na taa ya Marekani ikiinamishwa humulika upande usio wetu, ikampofusha anayekuja. Ya baba yako siikumbuki. Ni miaka mingi.

Ile ya Marekani waachie watu wengine.

Baba yako mdogo,
Tobias


Njiru,
25 Machi 2024

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini umeamka na nafuu. Huku tuna furaha nyumba nzima.

Barua yako ilinikuta nimeshanunua! Nilifungua sanduku la Mama nikapata picha ya Baba mbele ya nyumba za reli Muthurwa, amekalia pikipiki yake mpya huku ameniweka mimi juu ya tangi. Usukani umeinuka, riflekta ubavuni. Ni ya Marekani, Baba! Wewe uliyekuwa ukichora ramani za jiji zima ukasahau pembe zile? Uzee huo.

Tangu Jumamosi Frankline anaizungusha Barabara ya Kangundo. Jana alinipakia kutoka kanisani. Upepo ulitaka kuninyang'anya kitambaa, nikampigia kelele, "Punguza!" Akacheka: "Mathe, tulia, ni sitini tu!" Nikachungulia mita. Kweli, sitini. Mama alipotuona tukifika aligeuza uso.

Kesho anakwenda nayo Thika.

Binti yako,
Carolyne


Kaloleni,
26 Machi 2024

Carolyne,

Sina salamu leo. Everline amenisomea barua yako iliyoletwa na matatu asubuhi hii, na nimemwambia kwa ishara akupigie simu mpaka ushike, aseme neno moja: mnyang'anye Frankline ufunguo. Amesema umeshika, na kijana alikuwa bado anafunga kofia yake. Sasa naweza kuandika.

Mita ile inahesabu maili. Sitini yake ni karibu mia moja ya kwetu. Haiishii chini kwa sababu ya upole, mwanangu. Inahesabu hatua ndefu zaidi.

Utauliza nilijuaje. Baba yako Sylvance aliinunua kwa Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao, mwaka 1981. Hakuwa ameitoa hata nje ya Muthurwa. Jumapili nikambembeleza anipe usukani. Sikuwa na leseni. Tulishika Barabara ya Jogoo, yeye nyuma, mikono yake kiunoni mwangu. Karibu na Makadara akapiga kelele, "Tobias, punguza!" Nami nikamjibu nikicheka: "Sitini tu, kaka!"

Kona ilipokuja haikuwa kona ya sitini. Mimi niliinuka na mchubuko wa kiwiko. Yeye hakuinuka. Polisi akaniuliza nani alikuwa akiendesha. Nikasema, yeye. Maili niliziona baadaye, pale kituoni, herufi ndogo chini ya mshale uliokwama. Mimi, mtu wa kupima.

Mazishini mhubiri alihubiri juu ya vijana wapenda mbio, na mama yako akaamini. Nilimwacha aamini. Na mwezi huu ulipouliza, nilishindwa hata kukueleza mita, kwa kuwa ningeieleza ningelazimika kusema nilikojifunzia. Nilikuwa tayari kumhatarisha hata Frankline.

Mwambie mama yako. Siombi kitu kingine.

Tobias


Njiru,
9 Aprili 2024

Tobias,

Mara tano nimeanza barua hii. Sijui nikuamkieje, kwa hiyo sikuamkii.

Nilimsomea Mama barua yako jikoni. Aliketi chini, penye sakafu tupu, na goti lile. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza swali moja tu: "Alimwambia apunguze?" Nikasema ndiyo, Mama, alipiga kelele. Siku mbili alijifungia chumbani na ile picha ya Muthurwa. Nilidhani nimemuua.

Siku ya tatu alimwita Frankline. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la leso yake tangu siku ile, na Magan ameshakubali kubadilisha mita. Mama akaufungua polepole, akampa. Mimi nilizoea kungoja maneno yale, ya mbio na mapenzi. Akamwambia: "Babu yako alikuwa mtu wa kusema punguza. Mfuate."

Mimi bado nina hasira, hata na mkono wako huo ulionilipia karo.

Lakini Mama anakuja Kaloleni Jumamosi. Anataka umwandikie ukiwa mbele yake, neno kwa neno, alichosema mumewe.

Usife kabla.

Carolyne, binti Sylvance