Kiatu Chako cha Kushoto Kimeenda Ziwani

Yaya Furaha, dada yangu mukubwa mupendwa,

Sijaambia muntu hata mumoja: viatu vyako vyeupe vya harusi, njo mimi nilivichukua, nikavileta huku Kalemie.

Jana kwaya yetu ilienda kuimba kanisani ng'ambo ya kijito. Papa Kiongozi akatangaza: "Hakuna sandali mbele ya Bwana!" Basi tukaingia majini na viatu vya kung'aa, juu ya mawe yenye utelezi wa bamia. Mama mumoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, akatupita, beseni kichwani, soksi za zamani juu ya sandali za plastiki, hatelezi hata kidogo. Akatuambia:

"Wapendwa, mawe hayajui munaenda kuomba."

Papa Kiongozi akamucheka. Hata hajamaliza kucheka, alikuwa ameketi majini mpaka kwenye tai. Nami nikateleza. Viatu vyako nilivyovaa vilinizidi, cha kushoto kikachukuliwa na maji kuelekea ziwani. Wote tukavua viatu; mbele ya Bwana tuliimba miguu wazi.

Nasikia hatua za Mama Mukubwa, mwenye nakaa kwake hapa, mulangoni. Kadi hii nilikuwa naificha chini ya daftari; sasa naiacha wazi, asome, tutafute vingine kabla ya harusi yako.

Mungu akuzidishie moyo, Yaya, vile alikuzidishia muguu.

Mudogo wako, Neema