Nyama ya Kamati

Jumatatu, 8 Februari 1971
Kuni mbichi tena. Moshi tele jikoni. Uji wa watoto wa bweni umechelewa, walimu wamenuna. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuwasha moto bila mafuta ya taa, lakini wote wanajua uji uive saa ngapi. Macho yanawasha. Mke wangu, Mama Wanjiku, ameniosha kwa maji ya chumvi, akasema moshi huu utanipofusha. Nimemwambia anyamaze. Ni kweli.

Jumatano, 10 Februari
Mzee wa stoo ameacha kazi, anarudi kwao Kagio. Hedimasta ametuambia nafasi hiyo atapewa mmoja wetu sisi wafanyakazi. Stoo! Kiti, meza, ufunguo, dirisha la hewa. Moshi hakuna. Nani mwingine kama si mimi? Gichuki wa kufyeka nyasi? Huyo ukimtuma reki analeta jembe, halafu anasimama kungoja asante.

Jumapili, 14 Februari
Gichuki ameketi nyuma ya hedimasta kanisani, akaimba kwa nguvu ili asikike. Sauti ya ndama aliyenyimwa maziwa. Baada ya ibada akambebea bibi ya hedimasta kapu la viazi mpaka mlangoni. Mtu mzima! Mimi sijipendekezi. Kazi yangu itasema.

Ijumaa, 19 Februari
Kamati ya shule inakaa kesho kuamua mambo ya stoo. Kutakuwa na mbuzi, bila shaka. Wazee wa huku hawaamui neno na tumbo tupu. Hedimasta amesema nichome mimi. Vizuri sana. Watakula, watajua mimi ni nani.

Jumamosi, 20 Februari
Sijawahi kuchoma hivi. Makaa mazuri, bila mwali. Mutura, ule utumbo wa kujazwa nyama na damu, nimeujaza kwa mkono wangu. Kila mzee nimempa kipande cha heshima yake, hakuna aliyenung'unika. Wakubwa hawa wa kujipa ukubwa walilamba vidole kama watoto. Mwenyekiti, mchuuzi wa viazi pale Chaka anayejiita msomi, alilegeza mshipi. Gichuki alikuwa akifukuza nzi kwa tawi. Nilimcheka moyoni.

Nilikuwa bado nakata nyama hapo mezani walipofikia jambo la stoo. Hedimasta akataja jina langu kwanza. Wakatikisa vichwa, ndiyo, ndiyo. Nikaona kile kiti. Ndipo mwenyekiti akaweka mfupa chini, akajipangusa mdomo.

"Huyu akienda stoo," akasema, "sisi tutachomewa na nani?"

Wakacheka wote, hedimasta pia. Wakampa Gichuki. Ati nyasi zinaweza kufyekwa na mtu yeyote.

Nimemaliza kukata nyama. Ningefanya nini?

Jumatatu, 22 Februari
Ufunguo Gichuki ameuvaa shingoni, uonekane. Nimeenda kuchukua maharagwe, akaniambia ningoje nje. Mjinga kabisa. Lakini mjinga yuko ndani amekalia kiti, na mimi mwerevu niko nje na sufuria. Ati mcheza kwao hutunzwa. Nimetunzwa kweli, jikoni.

Mama Wanjiku amenikorogea maji ya chumvi tena. Afadhali angenicheka.

Alhamisi, 4 Machi
Maharagwe yana wadudu. Gichuki ameyaacha kwenye unyevu. Hedimasta amenilaumu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyepika. Nawadharau wote, kuanzia juu mpaka chini.

Jumamosi, 20 Machi
Kamati tena. Mbuzi tena. Asubuhi niliapa nitaiunguza nyama, iwe mkaa mtupu, watafute mchomaji mwingine. Nikaweka nyama, nikakunja mikono, nikangoja. Mafuta yakadondoka, moto ukaruka.

Nikaigeuza. Sikutaka. Mkono ulienda wenyewe.

Wamekula wakamaliza. Mwenyekiti ametuma mtu aje kunisifu. Nimefukia makaa kwa majivu na kuanika kuni za kesho. Macho yanawasha.