Farasi Watano wa Kaka

Jumatatu, 4 Machi
Mota ya pampu ya kisima imeungua. Moshi, harufu ya waya, kisha kimya. Wiki hii hii aliyotoka Mama hospitali! Kidonda cha upasuaji tumboni bado kibichi, daktari kamkataza kunyanyua hata ndoo nusu. Basi kamba, ndoo na mapipa ni vyangu, kabla ya kazi na baada ya kazi. Fundi mota kasema hata kusukwa waya upya haifai, imekwisha. Nikamwambia atutafutie nyingine. Mama akadakia dirishani: kaka yako yupo, atanunua yeye. Haya.

Jumatano, 6 Machi
Viganja vimechunika. Kazini nashona vifungo upande-upande, bosi ananitazama tu. Kaka kapiga simu — keshanunua, "mota ya maana". Je, alimuuliza fundi? Akacheka, mota ni mota, dada. Mama alikuwa anasikiliza, uso ukamnawiri. Sijamwona hivyo tangu alazwe.

Ijumaa, 8 Machi
Imefika. Imebebwa na wanaume wawili! Hospawa tano, yaani nguvu za farasi watano. Farasi watano kwa kisima kimoja — na punda bado ni mimi.

Fundi kaja jioni, kaizunguka, kasoma kibati cha ubavuni. Hii ni ya kiwandani, inataka umeme mkubwa wa fezi tatu, sisi tuna fezi moja tu ya nyumbani. Tena pampu yetu ni ndogo, hospawa moja inaitosha, hii ingeing'oa. Dukani kwake anayo mota inayolingana na pampu yetu, kasi ya mzunguko sawa na wa ile ya zamani. Tubadilishane, kesho aifunge. Nilitaka kumkumbatia.

Mama akagoma. "Mota ya mwanangu haitoki humu. Umeme si unaongezwa?" Fundi akakohoa, akaaga.

Jumamosi, 9 Machi
Nimechoka mpaka kope. Nilimwambia Mama nitampigia Kaka, nimweleze tu, hatakasirika. Nisithubutu! Mwenzio ana mambo mengi huko, usimvunje moyo. Nikauliza, na mgongo wangu je? Akanuna hadi jioni.

Baadaye nikakuta ameifunika mota kwa shuka lake zuri, lile analowawekea wageni. Iliniuma. Nabeba mimi, unafunikwa mzigo wa Kaka.

Jumanne, 12 Machi
Leo nimerudi mapema, kichwa kinagonga. Mapipa yamejaa pomoni! Nikakimbilia kibanda ilimo mota. Shuka halijaguswa, mota haina hata waya. Kamba ya kisima — imelowa chapachapa.

Mama yuko kitandani, mkono tumboni, midomo imekauka. Nani kachota? "Maji yamekuja," ndilo jibu lake. Nikamwomba nione bandeji, akageukia ukutani.

Simu yake ikalia, nikapokea mimi. Kaka, furaha tele! Mama kamwambia tangu jana mota inavuta maji balaa — sasa mmeridhika, dada? Ndipo nikaelewa. Amechota mwenyewe, ili zawadi ya mwanawe isionekane bure. Nikamtazama. Ananitikisia kichwa, taratibu. Gauni limelowa upande wa kidonda, na si maji. Nikamwambia Kaka nitampigia, nikakata.

Teksi ya kutupeleka hospitali iko njiani. Naandika huku nikiingoja. Mama kanishika kiganja cha kushoto, palepale palipochunika, hataki kuachia. Usimwambie, mwanangu. Usimwambie.

Simu inalia tena. Ni yeye —