Jicho la Kushoto la Mama Atieno

Alhamisi, Rongo

Ameona. Bado siamini vizuri, lakini ameona.

Mama Atieno, fundi wa nguo kutoka Magunga, ana lupus, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe. Dawa anazomeza huituliza kinga hiyo. Mwezi uliopita alikuja kliniki yetu ya macho, jicho la kushoto limeingia ukungu. Wenzangu wote walisema ni lupus tu, aongezewe dozi ya dawa hizo. Hata mimi nilikuwa nimeshika kalamu niandike hivyo.

Nikachungulia tena nyuma ya jicho, nikaona kidonda cheupe kando ya kovu la zamani. Kimelea. Kilikuwa kimelala humo miaka, kinga ilipolegea kikaamka. Ningeongeza dozi ile, ningekuwa nakilisha.

Nilimpigia daktari wake wa lupus, tukakubaliana aanze dawa ya kimelea kwanza. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Je, kama nilikosea, na ni jicho la mtu...

Leo nimefunika jicho lake zima, lile la kulia, akasoma ubao wa herufi pole pole mpaka mstari wa tano. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Daktari, jana nilitunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Nikaogopa kumwambia mtu."

Hata hivyo nilimweleza ukweli, kwamba kimelea hakijaisha kabisa, kinaweza kuamka tena.

"Kikiamka si nitakuja hapa?" akaniuliza.

Nikamwambia aje siku hiyo hiyo, asingoje kesho.