Migomba ya Mama

Kinyala, Tukuyu
8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Anyitike,

Ugonile? Natumaini joto la Mtwara halijakumaliza, na kifua cha mtoto kimepona. Sisi huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukalia vibaya na mgongo wangu haunipi raha. Chai tunachuma hivyo hivyo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utalia, nami ukilia nashindwa kusema. Nimeingia na panga kwenye migomba ya mama.

Soma kwanza, usinune. Siku ya mazishi ulishika mgomba ule wa karibu na kaburi ukatuomba, mbele ya watu wote, migomba yake asiiguse mtu, ibaki kama alivyoiacha. Watu waliguswa sana. Mimi sikutoa chozi siku ile, nilikuwa jikoni na masufuria, na najua walionisema kwamba nina moyo mkavu. Nikaona aibu kukubishia. Miaka miwili nimeiacha.

Unakumbuka alivyotufundisha: kila shina liwe na mama, mtoto na mjukuu, machipukizi yanayozidi yang'olewe. Sasa shina moja lilikuwa na kumi na matatu yanagombania udongo. Mikungu ikawa ya kutia huruma, fukusi wakaingia wakatoboa mashina, na upepo wa mwezi wa nne ukaangusha migomba sita. Mmoja ulilalia msalaba wa kaburi. Jirani yetu bibi Tupokigwe alikuja akasimama pale, akaniambia, "Mwanangu, mama yako angeona hivi angedhani nyote mmekufa."

Iliniuma. Tena migomba uliyoililia siyo ile tuliyochezea chini yake. Ile mama aliikata mwenyewe kabla hujamaliza la saba, akaenda zake kupika. Alituachia kazi, sisi tukaifanya picha ya kutazama.

Usidhani nakucheka. Nami ninayo yangu. Kanga yake ya mwisho iko sandukuni, sijaifua mpaka leo. Siku nilipomaliza kukata nilikwenda kuinusa, nikalia mpaka mwanangu Doreen akaniletea maji akidhani naumwa. Harufu yake imekwisha, mdogo wangu. Imebaki ya sanduku.

Basi nimepunguza shamba zima isipokuwa shina lile la karibu na kaburi. Hilo ni lako. Njoo Desemba, panga nimelinoa. Ulie kadiri utakavyo, lakini ukate. Na siku hiyo hiyo mimi nitaifua kanga.

Nisalimie wifi yangu Jenifer na mtoto. Shemeji yako Lukasi anakusalimu, na bibi Tupokigwe anauliza kama bado unakula ndizi huko. Mungu awafunike hapo mlipo na awafikishe nyumbani salama.

Dada yako akupendaye, hata ukininunia,

Tulinagwe